Nyongeza ya Mama Skola

Ninyi vijana wa chuo cha ufundi mkija hapa kwangu Ruhuwiko mnaamkia vizuri, mnakaa kwenye lile benchi lenye mguu mmoja mfupi ambalo nimekuwa nikisema nitalitengeneza tangu nistaafu, halafu mnaniuliza swali lile lile: "Mzee, katika vifaa vyako vyote, kilichokupa jina ni kipi?" Mimi hujibu kwamba ni kopo la kutupia sindano. Mnacheka kwa heshima, mnabadilisha mazungumzo. Safari hii nimeamua kuandika, kwa sababu anayeandika hakatizwi.

Nilikuwa fundi wa karakana ya hospitali. Kwa barua ya ajira, kazi yangu ilikuwa vitanda, vitasa na mabomba ya maji. Lakini kazi iliyoninyima usingizi ilikuwa nyingine kabisa: vifaa vya kutayarishia dawa ya sindano na kumfikishia mgonjwa bila kuimwaga, bila kuichafua na bila kukosea kipimo. Hakuna aliyenituma. Karakana yangu ilikuwa njiani kuelekea jikoni, na manesi walikuwa wanapita mlangoni wakilalamika. Mtu akilalamika mbele ya fundi kila siku, fundi mwishowe atachukua msumeno.

Nianze na hilo kopo ili tulimalize. Zamani zile sindano zilizotumika zilitupwa kwenye katoni yoyote iliyopatikana, na wafagizi walikuwa wanachomwa mikono. Nikachukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikalifunika juu kwa bati, nikakata mdomo mwembamba wa kupitisha sindano lakini si mkono. Nikalipaka rangi nyeupe, nikalipigilia ukutani mlangoni mwa wodi ya wanawake. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba hapa kwetu kopo jeupe lenye mdomo mwembamba, likiwekwa mlangoni mahali penye shida, ni kopo la sadaka. Ndugu wa wagonjwa wakawa wanatumbukiza hela wanapotoka kuwaona watu wao. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Nesi wa zamu alipogundua, hela na sindano zilikuwa zimeshachanganyika na hakuna aliyekuwa tayari kuingiza vidole. Paroko akaulizwa. Alifikiri kidogo, akasema zichomwe zote pamoja, Mungu ameshaona.

Tukachoma. Kopo la pili nililipaka rangi nyekundu, nikachora sindano kubwa ubavuni, nikaliweka ndani karibu na meza ya dawa. Hilo halikupata hata senti.

Nawaambia habari hii mapema kwa sababu yote yaliyofuata yamo humo. Mtu hakuti kifaa chako akiwa mtupu. Anakuja na mazoea yake, na mazoea yake yamekuwepo duniani kabla ya kifaa chako. Mimi nilichelewa kulielewa jambo hilo, ingawa nilikuwa nimefundishwa na mtu aliyelijua vizuri.

Mtu huyo ni Bruda Kanisius. Nilijifunza ufundi kwake kule Hanga, kwenye nyumba ya watawa, nikiwa kijana, kabla sijaajiriwa hospitali. Alikuwa mwembamba, mkimya, na kanzu yake ya kazi ilikuwa na matundu madogo madogo ya cheche, kiasi kwamba ukikaa nyuma yake jua likiwa mbele ulikuwa unaona mwanga. Enzi hizo mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Yalichemshwa, yakatumika, yakachemshwa tena, na sindano zenyewe zikishakuwa butu zilinolewa. Ndiyo, zilinolewa. Msinitazame hivyo. Bruda alinifundisha kuinoa sindano kwenye jiwe laini lenye mafuta, halafu kuipitisha taratibu kwenye pamba. Ikitoka na uzi wa pamba, ina ndoana kwenye ncha, rudia. Ikitoka safi, bado hujamaliza, kwa sababu kanuni yake ilikuwa kwamba sindano yoyote uliyoinoa, ikishachemshwa, wa kwanza kuchomwa nayo ni wewe mwenyewe. Alinichoma kwenye bega bila chuki yoyote. Nilijifunza kunoa haraka sana.

Kanuni yake ya pili sikuipenda. Ukimpelekea wazo la kifaa, hakukuuliza habari ya mbao wala bati. Alikuuliza, "Umekaa naye?" Maana yake, umeshakaa na mtu atakayekitumia, tangu asubuhi hadi mchana, mikono yako ikiwa mitupu, ukimtazama tu anavyofanya kazi? Ukisema hapana, alikuelekeza mlango kwa tupa yake ya kusugulia chuma. Nilidhani ni mtindo wa mtawa wa kumwondoa mtu kwa adabu.

Kwa kuwa nilidhani hivyo, nilipofika hospitali nilitengeneza mashine ya kutikisa dawa. Kuna dawa za sindano zinazokuja zikiwa unga ndani ya kichupa. Nesi anaingiza maji maalumu, anatikisa mpaka ziyeyuke, ndipo anavuta. Manesi walilalamika kwamba mikono inachoka. Nikachukua mota ya feni iliyokufa mapanga, nikaifungia kikapu cha waya, vichupa vinaingia humo, unawasha, vinatikiswa kwa nguvu ambayo hakuna binadamu anayo. Nesi Adelina, ambaye mtamkuta tena huko mbele, aliwasha, akasubiri, akazima, akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi," akasema, "umetengeneza povu zuri."

Kichupa kizima kilikuwa povu. Na povu huwezi kulivuta kwa kipimo. Unavuta hewa ukidhani ni dawa. Akanionyesha anavyofanya mwenyewe: anakiviringisha kichupa katikati ya viganja, taratibu, kama mtu anayepasha mikono joto asubuhi za Juni. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote, meta chache kutoka mlangoni kwangu, na sikuwahi kutazama. Mashine ilihamia jikoni. Mpishi aliitumia kupigia mayai mpaka mota ilipoungua, na yeye ndiye mteja pekee aliyewahi kuniandikia barua ya shukrani.

Sasa nifike kwa Mama Skola, maana ndiye niliyekaa kuandika habari zake.

Jina lake kamili lilikuwa Skolastika, lakini sokoni hakuna mwenye muda wa jina refu namna hiyo. Aliuza maharage tangu alipokuwa msichana mpaka macho yalipomkatalia. Wengi wa mtaa wa Msamala wamelelewa na maharage yake. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu, cha kuhitaji insulini asubuhi na jioni, na kisukari kile kikaanza kumla macho. Mwanzoni alikosea chenji. Baadaye akawa haoni mistari kwenye bomba la sindano, ile mistari midogo inayosema kipimo kimefika wapi. Mistari ile hata mimi mwenye macho nilikuwa naisogeza dirishani.

Mume wake alishafariki. Mtoto wake mmoja, Beno, alikuwa Dar es Salaam, mtu wa ofisi, mwenye huruma na haraka. Akaja, akasema mama ahamie kwake, atachomwa sindano na mke wake. Mama Skola akakataa. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kuangalia mlango wake uliokuwa unagoma.

"Beno mwanangu," alimwambia, "Dar nimeshafika. Kule kwako nikitoka nje sijui niende wapi. Hapa hata nikiwa kipofu kabisa najua mpaka kisimani, najua mpaka kanisani, najua na nani amepita kwa kikohozi chake. Kule nitakuwa mzigo kwenye kochi."

"Hapa nani atakuchoma, mama?"

"Nitajichoma."

"Kwa macho gani?"

Mama alinigeukia mimi, au upande sauti yangu ilipokuwa, akasema, "Fundi, wewe si unatengeneza vitu?"

Beno akakubali kwa sharti moja. Mama akiweza kujichoma mwenyewe kwa usahihi, atabaki. Akikosea, wanaondoka naye. Akarudi Dar. Na mimi, bila kukaa na mtu yeyote, nikaingia karakana.

Nilichotengeneza kilikuwa kibao cha kuvutia dawa, nacho kilikuwa hivi. Kichupa cha insulini kinakaa juu, kichwa chini, kwenye kikombe cha bati. Chini yake kuna mfereji wa mbao ambamo bomba la sindano linakaa wima, sindano ikitazama juu. Mfereji ndio unaoliongoza bomba, hivyo sindano inaingia katikati ya mpira wa kichupa bila kugusa kitu kingine chochote, hata kama mwenye kuishika haoni. Chini kabisa kuna kizuizi. Ukivuta pistoni, yaani kile kijiti cha kuvutia dawa, kikifika kwenye kipimo chako kinagonga kizuizi na ulimi wa bati unalia *ta*. Kizuizi kinafungwa na nesi kwa nati. Mgonjwa hakigusi. Na kila ikija shehena mpya ya mabomba, nesi anakipima upya, kwa sababu watengenezaji hawafanani unene wala urefu. Hili andikeni, nimeona mtu mwenye digrii akilisahau.

Nilikuwa nimekitengenezea skrubu ya kukibana kwenye ukingo wa meza. Mbao ya mninga, msasa laini, vanishi. Nikampelekea. Nikamshikisha kila sehemu, nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kizuri sana, fundi," akasema. "Na meza umeleta?"

Meza ilikuwepo sebuleni. Ilikuwa na kitambaa cha kufuma, redio na picha ya Bikira Maria, na hakuna kazi yoyote iliyowahi kufanyika juu yake. Mama Skola alifanya kazi zake zote kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele, kama alivyochambua maharage maisha yake yote. Nikakibeba kibao kurudi karakana mchana ule ule. Nikaondoa skrubu, nikakiwekea kitako kipana kilichochongwa pande mbili ili kikae katikati ya magoti kama bakuli la kumenyea mihogo. Hapo kikatulia. Nesi Adelina akamfundisha, wakafanya mazoezi kwa kichupa cha maji, akaelewa upesi: ingiza, vuta, rudisha kidogo kutoa viputo vya hewa, vuta tena mpaka *ta*. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya wengi wetu. Mama akielekezwa hatua kwa hatua, Adelina akapima mwenyewe kwa macho yake, kipimo kikawa sawasawa. Tukashikana mikono. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Asubuhi moja jirani yake, mama mmoja wa Kiyao kutoka Tunduru anayeitwa Mama Zuhura, alipita kuomba kibiriti. Akamkuta Mama Skola kwenye mkeka, jasho linamtoka kama aliyenyeshewa, anazungumza na wateja. Hakukuwa na mteja. Alikuwa anachota hewa kwa mkono, anapima, anamwambia mtu asiyekuwepo, "Ongezea na hii, usiseme Skola mchoyo." Mama Zuhura alikuwa na ndugu mwenye kisukari, hakuita mganga wala kupiga kelele. Alikoroga sukari kwenye maji, akamnywesha kidogo kidogo huku akisema Bismillahi kila funda. Mama Skola akarudi duniani, akauliza kwa nini kuna watu wengi ndani.

Sukari ilikuwa imeshuka. Insulini ilikuwa imezidi. Kibao changu, mninga wangu, vanishi yangu.

Niliogopa, siwafichi. Hofu ya fundi wa vitanda ni kitanda kuvunjika, mgonjwa akaanguka, mkacheka wote kesho yake. Hii ilikuwa hofu nyingine. Nilikaa karakanani nimekishika kibao kile, nikakipima mara nyingi, kila mara kipimo sawa. Kizuizi hakijasogea. Nati imekaza. Kwa kibao hakukuwa na kosa, na mama alikuwa karibu afe.

Beno alikuja kwa basi la kwanza alilopata. Akanisalimia, "Shikamoo mzee," kwa adabu iliyonichoma kuliko kama angenitukana. Alikuwa na tiketi mbili za kurudi. Akasema anabaki mpaka likizo yake iishe, kisha anaondoka na mama.

Ndipo nikakumbuka swali la Bruda Kanisius, na ndipo nikaenda kukaa. Mimi na Adelina tulikaa ukutani, mikono mitupu, Mama Skola akiwa kwenye mkeka, kichupa cha maji, kibao katikati ya magoti. Akaingiza. Akavuta. Akarudisha viputo. Akavuta tena, *ta*. Vizuri kabisa. Halafu kidole gumba chake, bila haraka yoyote, kikavuta pistoni tena kidogo. Ulimi wa bati ukapinda, ukapisha, pistoni ikapita kizuizi.

"Mama," akasema Adelina, "hiyo ya mwisho ya nini?"

"Ipi?"

"Umevuta tena."

"Aa. Nyongeza."

Tukatazamana.

"Nyongeza ya nini, mama?"

"Kipimo gani hakina nyongeza? Ukimkatia mtu kopo juu kama wembe, atajuaje kama hukumwibia?"

"Hapa mteja ni nani?"

Mama Skola akafikiri. "Mimi," akasema.

Ninyi mliokulia kwenye maduka ya mizani labda hamlioni. Ila kila aliyenunua maharage sokoni kwetu anajua: muuzaji anapima kopo mpaka lisimame kilele, anamimina kwenye mfuko wako, halafu mkono unarudi kwenye gunia, unachota kidogo, unatupia juu. Bila hiyo ya mwisho, hamjamaliza biashara. Utaondoka unajisikia umekosewa kitu hata kama kopo lilijaa. Mama Skola alikuwa amefanya hivyo tangu usichana, kwa kila mtu, na mkono ulikuwa unajifanyia wenyewe.

Basi tukamweleza. Adelina alimweleza vizuri, insulini si maharage, tone dogo linaua. "Nimeelewa, mwanangu," akasema, na ni kweli alielewa. Akarudia. *Ta*, halafu kidogo.

Nikaenda kutengeneza kizuizi cha chuma, kisichopinda. Nikamletea nikiwa na kiburi kidogo. Akavuta, *ta*, akajaribu kuongeza, chuma kikakataa. Kisha akalitoa bomba kwenye mfereji, akakipapasa kichupa, akachoma mpira kwa kubahatisha, akaongeza kwa mkono mtupu. Sasa tulikuwa na nyongeza ile ile pamoja na hatari ya kujichoma vidole. Beno alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Sikununua kitu. Nilikaa kwenye gunia tupu karibu na wanawake wa maharage tangu walipofungua, mpaka mmoja akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nilikuwa natazama mkono wa nyongeza, na niliona jambo ambalo nilikuwa nimelitazama maisha yangu yote kama mtu anayetazama ukuta. Kiasi hakina maana. Mara nyingine mkono ulichota konzi nzima, mara nyingine punje chache tu zisizofika kijiko. Mnunuzi hakutazama punje. Alitazama mkono urudi. Mkono ukisharudi, anafunga mfuko, anaaga. Nyongeza ilikuwa ndiyo namna ya kusema tumemaliza, mimi na wewe tuko sawa.

Nikasimama na kuondoka hapo hapo, yule mwanamke akasema afadhali, mke amemsamehe.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua mfereji pamoja na kizuizi, nikaviunganisha viwe kitu kimoja, nikavipandisha kwenye reli fupi za mbao zilizopakwa nta. Vyote viwili vinashikiliwa mahali pake na kilimi chepesi cha bati. Mama anavuta pistoni, inafika kwenye kizuizi, *ta*. Kipimo kimefungwa. Mkono ukivuta tena, ile nyongeza, pistoni haiwezi kwenda popote peke yake. Inavuta kizuizi, kizuizi kinavuta mfereji, mfereji unavuta bomba zima. Kilimi kinaachia, bomba linateremka kwenye reli, *kruu*, na sindano inachomoka kutoka kwenye kichupa. Insulini iliyo ndani ni ile ile. Mkono umerudi kwenye gunia, umechota, umepata kitu cha kufanya, na hakuna kilichoongezeka. Sindano ikishatoka hivyo iko tayari kuchoma, kwa hiyo hata sababu ya kukichoma kichupa tena hakuna.

Likizo ya Beno ilikuwa inaisha. Nilipeleka kibao asubuhi, nikiwa na Adelina. Beno alikuwa ameshafunga mabegi, yako mlangoni, la mama limefungwa kwa kamba ya katani. Mama Skola alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amevaa gauni la kanisani, uso wa mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Jaribu hii, mama," nikasema. "Fanya unavyofanya siku zote. Usijizuie."

Akaingiza. Akavuta. Akarudisha viputo. *Ta*. Kidole gumba kikavuta tena. *Kruu*. Bomba likamfikia mkononi.

Adelina alilichukua akaenda nalo dirishani. "Sawasawa," akasema. "Kwenye mstari."

Wakarudia. Sawasawa. Wakarudia tena na tena, na kila mara mkono ukaongeza, na kila mara kipimo hakikuongezeka. Beno akakaribia. Alichuchumaa kwenye mkeka.

"Nipe nijaribu," akasema. "Nitafumba macho."

Tukampa bomba jingine na kile kichupa cha maji. Akafumba. Akavuta polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. *Ta*. Akasimama hapo. Halafu, huku macho yake bado yamefumbwa, kidole chake kikavuta kidogo tena. *Kruu*.

Alifumbua macho akakitazama kidole chake. Mtoto yule alikulia chini ya meza ya maharage, alilala kwenye magunia. Miaka yote ya ofisi haikuwa imekigusa kidole kile. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mama yake akapapasa mpaka akampata kichwa.

"Si nilikwambia," akasema. "Huwezi kukata kopo kama wembe."

Beno akaenda stendi kurudisha tiketi moja. Hawakumrudishia nauli, na alifika Dar akiwa na kiti kitupu pembeni yake. Mama Zuhura alikubali kupita kila asubuhi na jioni, kibiriti au hakuna kibiriti, na bakuli la sukari likawekwa mahali mkono wa Mama Skola unapofika bila kutafuta. Kifaa pekee hakimlindi mtu, hilo nalo andikeni.

Aliishi na kibao kile miaka mingi. Macho yaliisha kabisa, akawa anakwenda kanisani kwa kuhesabu kona. Alifariki nyumbani kwake Msamala, kwenye kitanda chake, kwa uzee wake mwenyewe, na siku ya mazishi yake nililia mbele za watu. Mlioniuliza kilichonipa jina, sijui. Kilichonipa raha ni kibao kile.

Mkija safari nyingine na zile kalamu zenu za insulini zinazozungushwa zikalia, na mashine yenu ya kuchapa plastiki, nitazitazama kwa furaha. Ni nzuri. Zinafanya kwa dakika kile nilichokuwa nafanya kwa msasa kutwa nzima. Swali langu litakuwa lile lile, na mlango mnaujua ulipo: mmekaa naye?

Nimebakiza jambo moja. Nilipokuwa nimeshastaafu nilikwenda kumwona Mama Skola, kuangalia reli kama zinahitaji nta. Zilikuwa laini kama sabuni. Nikamsifu mkono wake. Akacheka.

"Fundi, wewe unadhani sijui kwamba ile ya pili haiongezi kitu?"

Nikaziachia zile reli.

"Nilijua mwezi ule ule wa kwanza. Kichupa kilichelewa kwisha."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeiondoa ile ya pili. Iache hivyo hivyo. Mimi najua. Mkono ndio hauna habari."

Nikainuka kuaga. Akasema siwezi kuondoka mikono mitupu, akajivuta mpaka kwenye gunia la maharage lililokuwa pembeni, akalijaza kopo kwa kupapasa mpaka likasimama kilele, akanimiminia kwenye mfuko bila kuangusha hata punje. Nikashukuru, nikaanza kufunga mfuko.

"Ngoja," akasema, na mkono wake ukarudi kwenye gunia.